Kidole Kinapiga, Kompyuta Inakumbuka

Mwaka 2010, iPad ilipokuwa haijatimiza hata mwaka tangu iingie madukani, kundi la Gorillaz lilikuwa kwenye ziara ya maonyesho huko Amerika ya Kaskazini. Mji baada ya mji, Damon Albarn, kiongozi wa kundi hilo, alikuwa na kishikwambi mkononi, akipanga midundo na kupiga vinanda vilivyochorwa kwenye kioo. Desemba 25 mwaka huohuo nyimbo zilizozaliwa hivyo zilitolewa kwa jina la The Fall, na baadhi yake zimebeba majina ya miji aliyopita: Detroit, Dallas, Amarillo, Phoenix, Seattle. Tangu siku hiyo watu huitaja kama albamu ya iPad, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ukichunguza namna ilivyotengenezwa utakuta pia gitaa, ukulele, melodika, sauti ya mwimbaji Bobby Womack, na jina la Stephen Sedgwick, fundi aliyezichanganya sauti zote hizo hadi zikakaa pamoja.

Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu: kutoa sauti kwenye kishikwambi, kuiingiza kwenye kompyuta ya kurekodia, na kuiweka mahali pake mpaka msikilizaji asijue imetoka wapi, wala asihitaji kujua. Ni kazi isiyopigiwa makofi. Mwimbaji hutajwa, mtunzi hutajwa, mpiga gitaa hutajwa. Aliyeunganisha vyombo viwili visivyozaliwa kufanya kazi pamoja hupita kimya. Ukikaa naye na kumtazama kwa utulivu, utaona ana ufundi kamili, wenye kanuni zake na uvumilivu wake.

Kishikwambi kina kipaji ambacho kompyuta ya mezani haina: kinapokea vidole vyote kwa pamoja. Mausi hushika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwenye Animoog, programu ya kampuni ya Moog iliyotoka mwaka 2011, kidole kikishatua kwenye kitufe kazi ndiyo kwanza inaanza. Ukikisogeza polepole kitufe kilekile kinabadilika rangi ya sauti. Ukikirudisha, sauti nayo inarudi. Na vidole vitatu vikiwa chini kwa pamoja, kila kimoja kinakwenda na njia yake. Samplr, programu nyingine, hukuonyesha wimbi la sauti uliyorekodi, nawe unalipapasa, unaligonga, unalivuta, kila mguso ukitoa kipande tofauti cha sauti ileile. Ukimtazama mtu aliyezoea, utamtambua kuwa ni mpigaji hasa, sawa na mtu aliyeshika udi au gitaa.

Kuna pia suala la kufikika. Minimoog Model D, kinanda kilichoingia sokoni mwaka 1970, ni ghali hadi leo. Programu yake ya vishikwambi ilitoka mwaka 2018, na mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Moog iliigawa bure kwa muda. Kinanda cha awali kilitoa noti moja tu kwa wakati. Programu inatoa hadi nne. Kijana ambaye asingeweza kukigusa chombo kile anaweza sasa kujifunza, kwa vidole vyake mwenyewe, jinsi kichujio kinavyofungua besi na jinsi mawimbi mawili yaliyopishana kidogo yanavyoinenepesha sauti.

Mipaka yake nayo ni ya kweli. Wimbo ukishafika traki thelathini, kioo kinakuwa kidogo. Kidole kinaziba kilekile kinachotaka kukigusa. Kuondoa pumzi ya mwimbaji kati ya silabi mbili, kulinganisha marudio sita ya kiitikio na kuchagua neno moja kutoka kila rudio, kupunguza uzito wa besi bila kuidhoofisha ngoma: hizo ni kazi za kioo kikubwa, mausi, na programu kama Cubase, Logic, Reaper, Live au FL Studio. Fundi mzuri hapotezi muda kwenye ubishi wa kipi bora. Anajua kipi kinaanza na kipi kinamaliza, na nguvu zake anazielekeza pale viwili hivyo vinapokutana. Hapo ndipo wimbo unapoponea au unapoharibikia.

Njia za kuvikutanisha zilikuja moja baada ya nyingine. Ya kale kuliko zote ni waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye saundi kadi. Haina siri, na bado inafanya kazi pale ambapo tundu lipo. Adui yake ni mlio wa umeme unaoingia mara nyingi kishikwambi kikiwa kwenye chaji. Ndiyo maana utawaona mafundi wakichomoa chaja kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Mwaka 2015, iOS 9 ya iPad na El Capitan ya Mac zilipotoka, waya uleule wa kuchajia ulianza kubeba sauti kidijitali hadi kwenye Mac: unafungua Audio MIDI Setup, unaiwasha iPad, nayo inatokea ndani ya programu ya kurekodi kana kwamba ni saundi kadi. Kwa wenye Windows, kazi hiyo imefanywa na programu za watu wengine kama studiomux. Ndani ya kishikwambi chenyewe, Audiobus ilifungua mlango Desemba 2012 kwa kuziwezesha programu kupelekeana sauti, na baadaye AUM ikawa meza ya kuchanganyia sauti inayopendwa na wengi.

Njia nyingine ni kuhamisha kazi yenyewe badala ya sauti inayotiririka. Korg Gadget inaweza kuutoa wimbo wako ukiwa mradi wa Ableton Live. Na kwetu Afrika Mashariki, ambako watayarishaji wengi wa Bongo Fleva wamelelewa na FL Studio, kuna FL Studio Mobile, inayofanya kazi hata kwenye vishikwambi vya Android na kufunguka pia ndani ya FL Studio ya kompyuta kama plagini. Mdundo ulioanzia kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, unaweza kufika mezani ukiwa na noti zake zote, tayari kuendelezwa.

Wepesi huo unaweza kumdanganya mtu akadhani kuunganisha ni kuchomeka tu. Chukua jambo moja dogo, kasi ya sampuli. Kompyuta huihifadhi sauti kwa kuipima maelfu ya mara kila sekunde. Vipimo vilivyozoeleka ni 44,100 na 48,000. Kishikwambi kikirekodi kwa 44,100, na kompyuta ikaisoma faili ile kana kwamba ni ya 48,000, sauti itakimbia. Wimbo wa dakika 3 utaisha kwa takriban dakika 2 na sekunde 45, na utapanda karibu nusutoni moja na nusu. Mwimbaji akisimama mbele ya maikrofoni kuimba juu yake atajiona hawezi kushika ufunguo wake wa kila siku, na mtu asiyejua chanzo atamlaumu mwimbaji. Fundi huangalia namba hiyo pande zote mbili kabla ya noti ya kwanza kupigwa. Ni sekunde chache za kuangalia, na zimeokoa siku nzima za studio.

Lakini mtihani mkubwa ni wakati. Hakuna sauti inayotoka kwenye kishikwambi na kufika kwenye kompyuta papo hapo. Kila mashine huikusanya sauti kwenye bafa kidogo kidogo kabla ya kuipeleka mbele. Bafa ya sampuli 256 kwa kasi ya 48,000 ni ucheleweshaji wa milisekunde 5 na kidogo. Peke yake si kitu: sauti husafiri hewani kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo ni sawa na kusimama chini ya mita 2 kutoka kwenye spika. Tatizo ni kwamba bafa hazikai peke yake. Kuna ya kishikwambi, kuna ya kuingilia kwenye kompyuta, kuna ya kutokea. Tatu za aina hiyo zinakupeleka milisekunde 16, na sasa ni kama mpiga ngoma amekaa zaidi ya mita 5 kutoka kwa mpiga besi. Sikio la msikilizaji wa kawaida halitasema kuna kuchelewa. Litasema wimbo umepoa.

Nimekaa na mtayarishaji mmoja wa Sinza na kumtazama akilishughulikia jambo hili, na bado naiona ile kazi yake kama mfano wa utulivu. Aliiandika kwenye kompyuta noti moja fupi, ikaanguka juu kabisa ya pigo, akaituma kwa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki hupelekeana noti, hadi kwenye kishikwambi kilichokuwa na sauti kavu kama kipande cha mbao kikigongwa. Kishikwambi kikajibu, jibu likarekodiwa kwenye traki mpya. Kisha akaanza kulikuza wimbi la sauti kwenye kioo, akakuza tena, mpaka mstari uliokuwa laini ukavunjika kuwa nukta zilizopangana ngazi kwa ngazi. Akahesabu umbali kutoka mstari wa pigo hadi nukta ya kwanza iliyoinuka: sampuli 720, yaani milisekunde 15 kamili. Hakuridhika. Akarudia, akapata namba iliyopungua kidogo. Akarudia tena, ikazidi kidogo. Akachukua ya katikati, akaiandika kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya meza, mbele ya jina la programu na ukubwa wa bafa. Karatasi ile ilikuwa imejaa mistari ya namna hiyo. Tangu hapo, kila alichokirekodi kutoka kwenye programu ile alikirudisha nyuma kwa namba ile.

Kilichonivutia zaidi kilikuja baadaye. Ngoma aliziweka sawasawa na mstari, lakini sauti nzito ya chini aliyokuwa ameipiga kwa mkono aliisogeza nusu tu, akaicheza, akatikisa kichwa, akairudisha kidogo tena. Aliacha ikae nyuma ya pigo kwa makusudi, kwa sababu wimbo ulikuwa wa mapenzi na ulitaka kutembea bila haraka. Kupima kulimpa uhuru wa kuchagua. Asingejua ucheleweshaji wa mashine ni kiasi gani, asingeweza kutofautisha ulegevu wa waya na ulegevu wa mkono wake mwenyewe, ule anaoutaka.

MIDI iliyobeba noti yake ina historia ya kuheshimika. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM nchini Marekani, kinanda cha Sequential kiliunganishwa na kinanda cha Roland, kampuni mbili zinazoshindana, na kimoja kikakipiga kingine. Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland, waliosukuma makubaliano ya lugha hiyo ya pamoja, walipewa Grammy ya kiufundi mwaka 2013. Lugha hiyo inaiweka saa ya muziki kwa mapigo 24 kwa kila robo noti. Kwa mwendo wa 120 kwa dakika, pigo moja huja karibu kila milisekunde 21. Kwenye waya mzuri hilo linatosha. Kwenye Wi-Fi yenye simu kumi za wageni waliokuja studio, mapigo yanafika yakisukumana, na mashine inayoyafuata inayumba.

Mwaka 2016 kampuni ya Ableton ilitoa Link, na namna ilivyolitatua jambo hili ni ya kupendeza. Hakuna mashine inayokuwa bwana na nyingine mtumwa. Programu zote zilizo kwenye mtandao mmoja zinakubaliana kuhusu mwendo na kuhusu mahali zilipo kwenye wimbo, kila moja ikihesabu yenyewe. Anayeingia katikati anasubiri mwanzo wa mzunguko, kisha anajiunga. Kwa muziki wetu wa pwani, hapa kuna jambo la kukaa nalo macho. Programu nyingi huanza zikiwa zimepangwa kuhesabu mizunguko ya mapigo manne. Wimbo wa chakacha, unaokwenda sita kwa nane, una robo noti tatu katika kila kipimo. Usipobadilisha nne iwe tatu au sita, programu mpya itaingia mahali pasipo pake, na kadiri wimbo unavyoendelea ndivyo kayamba itakavyogombana na ngoma. Fundi anayeujua mdundo wa kwao hubadilisha namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Wakati ukishakaa sawa, linakuja suala la uamuzi. Plagini ndani ya kompyuta hukuruhusu kuahirisha: unaweza kubadilisha sauti ya kinanda wiki tatu baadaye. Kishikwambi hakina subira hiyo. Sauti ikishapigwa kwa vidole na kurekodiwa, imekuwa sauti, pamoja na kila kuteleza kwa kidole. Wapo wanaoliona hilo kama kikwazo. Mimi naliona kama nidhamu iliyokuwepo zama za kanda na ambayo wengi wetu tumeipoteza. Anayejua kwamba hatarudi anasikiliza vizuri zaidi kabla ya kuondoka. Anarekodi kwa kiwango cha staha, kilele kikiwa desibeli 6 hadi 12 chini ya ukomo, kwa sababu kurekodi kwa biti 24 kunamwachia nafasi ya kutosha na hana haja ya kusukuma. Anachukua chombo kimoja kimoja, ngoma kwanza, kisha besi, kisha kinanda, kwani waya ule huleta jozi moja tu ya kushoto na kulia, na vikija vimeungana hakuna wa kuvitenganisha.

Kuhusu mwangwi, mafundi ninaowaheshimu wana msimamo mmoja. Programu nyingi za kishikwambi huja na mwangwi uliowashwa tayari ili zivutie pale unapozifungua tu. Wao huuzima. Anayepika mchuzi wa nazi hutia tui jepesi mwanzoni na tui zito mwishoni, mchuzi ukikaribia kuiva. Mwangwi nao huja mwishoni, ndani ya kompyuta, ukiwa mmoja kwa vyombo vyote, ili vyote visikike vimekaa chumba kimoja. Lakini hawaufanyi msimamo huo kuwa sheria ya chuma. Kuna sauti ambazo zimezaliwa pamoja na mwangwi wake, ambazo mpigaji alikuwa akiujibu mwangwi kwa vidole alipokuwa akipiga. Ukiuondoa, unaondoa nusu ya mazungumzo. Sauti kama hiyo hurekodiwa ilivyo, na vyombo vingine vinaipisha. Kuzitambua sauti za aina hiyo hakufundishwi na kitabu cha maelekezo.

Safari ya kurudi nayo ina utajiri wake. Mtayarishaji yuleyule alichukua sauti ya mwimbaji iliyokwisha kurekodiwa vizuri kwenye kompyuta, akakata irabu moja ndefu mwishoni mwa kiitikio, akaituma kwenye Samplr. Pale akaipapasa kwa vidole viwili kwa muda wa wimbo mzima, akisikiliza maneno kwenye hedifoni, akiivuta pale mwimbaji anaponyamaza na kuiachia anaporudi. Matokeo yalirudi kwenye kompyuta na kuwekwa chini kabisa, kwa sauti ndogo. Mwimbaji aliposikiliza alisema anahisi kama kuna watu nyuma yake, lakini hakuwatambua. Walikuwa yeye mwenyewe. Mausi isingelifanya lile kwa namna ile, na kishikwambi peke yake kisingeipata sauti safi ya kuanzia.

Kuna sababu nyingine ya kuienzi kazi hii, na inahusu kudumu. Programu za vishikwambi hufa haraka. Mwaka 2017, iOS 11 ilipotoka, programu za zamani za biti 32 ziliacha kufunguka kabisa, na vyombo vingi vya muziki vilivyokuwa havijasasishwa vikaondoka nazo. Mwaka 2019 Apple ilitangaza kuipa kisogo Inter-App Audio, njia ya programu kupelekeana sauti iliyoianzisha yenyewe mwaka 2013. Aliyekuwa ameuacha wimbo wake ndani ya programu, akitegemea kuufungua siku yoyote, aliukosa. Aliyekuwa amerekodi kila chombo kama faili ya kawaida ya WAV kwenye kompyuta anao mpaka leo. Ndiyo maana fundi makini haliachi jina la faili liwe «Audio 14». Anaandika chombo, mwendo, ufunguo na tarehe, na kila faili anaianzisha sekunde ileile ya mwanzo wa wimbo, hata kama chombo chenyewe kinaingia dakika ya pili.

Anayetaka kuujua ufundi huu aanze na waya mmoja na sauti moja. Alinganishe kasi ya sampuli pande zote mbili, apime ucheleweshaji, aandike namba yake. Apige tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho bila kukata, arekodi, asikilize, aamue. Kisha aende kwenye sauti ya pili. Akimaliza wimbo mzima kwa mwendo huo atakuwa na folda ambayo anaweza kumkabidhi fundi mwingine yeyote, mwenye programu yoyote, katika mji wowote, na huyo akaiburuta ndani ya kompyuta yake, kila chombo kikakaa kwenye pigo lake, na kazi ikaendelea bila hata simu moja ya kuuliza.